Saa ya Tamali

Kila asubuhi, muuza maziwa alipokwisha kupita, Baltazara alililaza bamba la shaba katika beseni la tindikali, akachukua unyoya wa bata mzinga na kuanza kufagia mapovu. Ilikuwa kazi ya upole. Mapovu yalizuka juu ya mistari iliyochorwa kwa sindano, madogo kama mayai ya samaki, na yakiachwa yaliifanya tindikali iile shaba kwa upendeleo, hapa sana, pale kidogo. Kwa hiyo alifagia huku akingoja. Muuza tamali akilia chini ya dirisha kuzinadi tamali zake, unga wa mahindi na nyama vilivyofungwa katika jani la mgomba, bamba lilitoka. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo ilivyokuwa siku zote, mpaka asubuhi ile ambayo muuza tamali hakulia.

Mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na saa, na aliyekuwa nayo hakuiamini. Kengele za mji wa Lima hulia kwa misa, kwa maiti, kwa watakatifu na kwa tetemeko la ardhi, basi zikawa hazimwambii mtu kitu. Saa zetu zilikuwa watu. Maziwa yalipita kukiwa bado na ukungu, biskuti zikafuata, kisha tamali, kisha matunda jua likiwa utosini. Jioni ikaja jasmini. Mtu akikwambia atakuja kabla ya jasmini, ulijua lini uweke maji motoni. Don Evaristo Landázuri, mchoraji wa picha za shaba za kuchapwa karatasini, alipimia sauti hizo tindikali yake. Anga la pichani liliogeshwa kutoka maziwa hadi biskuti. Vivuli vizito viliogeshwa mpaka tamali, si zaidi.

Bamba lililokuwa besenini siku hiyo lilikuwa la mtaa wenyewe, Mtaa wa Panya, jinsi unavyoonekana kutoka dirisha la karakana yake asubuhi ya kawaida. Don Evaristo alilifanyia kazi majira yote ya ukungu. Alichora roshani za mbao zilizotokeza kama makabati yaliyoning'inizwa nje, tai waliojikunyata juu ya paa, na kinyozi Zenobio mlangoni pake akiwa na taulo begani na hana mteja. Kila kilichokwisha kuiva alikifunika kwa vanishi ili tindikali isikiguse tena. Kwa josho la mwisho alibakiza wazi mwanamke mmoja tu. Huyo ndiye aliyekuwa mweusi kuliko vyote vilivyomo pichani, na alitaka aive sawasawa. Alikuwa Melchora, muuza tamali, mkono mmoja shavuni, kinywa wazi, na kando yake punda wake, jina lake Askofu, amegeuza shingo kumsikiliza.

"Wanawake nimechora wengi," Don Evaristo alisema jioni alipomaliza kumchora, akifuta miwani yake. "Lakini sauti ya mtu nimeichora mara hii tu."

Hakujua kwamba mwanamke huyo alikuwa mama yake Baltazara. Katika nyumba ile hakuna aliyejua.

Uongo huo aliuanzisha Melchora mwenyewe. Alipompeleka binti yake kwa masista, akiwa bado mtoto wa kushikwa mkono, alisema amemkuta kwenye ngazi za kanisa. Yatima mwenye rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa angefundishwa kusoma na kutarizi. Binti wa muuza tamali wa Malambo, mtaa wa ng'ambo ya mto, aliyezaliwa na mwanamke aliyekuwa zamani mali ya watu, angepewa ndoo na tambara. Masista waliamini, au walikubali kuamini. Miaka ilipopita wakampeleka kwa Don Evaristo, mjane aliyekuwa akitafuta mikono laini ya kufuta wino, na Baltazara akapewa chumba nyuma ya karakana, kiti mezani, na heshima ndogo ndogo ambazo mtu huzizoea upesi.

Tangu mwezi huo Melchora alibadilisha njia yake ili apite Mtaa wa Panya.

"Tamaliii," alilia, akiivuta sauti mpaka mwisho wa mtaa na kuirudisha. "Tamali za moto, njooni kabla sijazila mwenyewe!"

Baltazara alishuka na sahani.

"Mafungu mangapi leo, bibi mdogo?"

"Matatu, Mama Tamali."

"Haya matatu. Na chukua na hili dogo. Limejikunja vibaya, haliuziki."

Kila siku palikuwa na dogo lililojikunja vibaya, na kila siku ndani yake mlikuwa na nyama nyingi kuliko ndani ya yale matatu. Hawakuzungumza zaidi ya hapo. Kinyozi alikuwa akitazama, na majirani walikuwa roshanini. Lakini vidole vyao vilikutana chini ya jani la mgomba lililokuwa bado la moto, na Melchora akaondoka akimgombeza Askofu kwa maneno ambayo hayakuwa ya punda: "Umekonda. Unakula kweli wewe? Au unakesha ukifikiri?"

Kwa muda mrefu hilo lilimtosha Baltazara. Kisha akaja Lisandro.

Lisandro alikuwa karani wa duka la vitabu lililoagiza bamba la mtaa. Alikuja kila wiki kuangalia kazi imefika wapi, halafu akaanza kuja hata katikati ya wiki, akileta jasmini aliyoinunua hatua chache kutoka mlango wa karakana na kuishika kana kwamba ameitoa mbali. Alikuwa mcheshi, na Baltazara hakuwa amezoea mtu kumchekesha. Siku moja aliegemea dirisha wakati Melchora anapita, akamtazama mwanamke yule, akamgeukia Baltazara, akamtazama tena yule.

"Bibie, huyu muuza tamali ana paji la uso lako," alisema. "Au wewe unalo lake. Semeni ukweli, mmeibiana wapi?"

Alicheka. Baltazara naye akacheka, mpaka taya likamuuma. Usiku huo alijitazama kwenye shaba iliyong'arishwa, akazishusha nywele zake kidogo juu ya paji.

Jumapili iliyofuata alijifunika mtandio, akavuka daraja, akaenda Malambo. Alimkuta mama yake uani akimsugua Askofu kwa kiganja cha majani makavu.

"Mama, nina ombi."

"Omba. Ila usiombe tamali, leo Jumapili na mimi ni binadamu."

"Nataka usipite mtaa wetu." Aliona mkono wa mama yake umetulia juu ya mgongo wa punda, akaongeza haraka: "Siku chache tu. Kuna watu wanakuja kulitazama bamba. Watu wa duka. Siku chache tu, Mama, halafu kila kitu kitarudi kama kawaida."

"Siku chache."

"Chache tu."

Melchora aliendelea kusugua. "Na hao watu wa duka, mmoja wao ana masharubu?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Wenye masharubu hula tamali kwa fujo, huwa nawaonea huruma wake zao."

Walicheka wote wawili, na Baltazara akasikia kifua kimefunguka. Kumbe lilikuwa jambo dogo. Mama alimpigapiga Askofu shingoni. "Umesikia, Mheshimiwa? Utapumzika na mawe ya Mtaa wa Panya. Kwato zako zitashukuru." Kisha akamtengenezea bintiye mtandio kichwani, akauvuta mbele ufunike uso vizuri. Ufundi huo wa kumficha mtoto wake alikuwa nao toka zamani.

Siku iliyofuata ndiyo asubuhi ile, Baltazara akiwa juu ya beseni, unyoya mkononi. Don Evaristo alikwenda misa ya kumwombea marehemu mkewe. Alipotoka alisema kama alivyosema siku zote, "Tamali akilia, litoe," na Baltazara akajibu kama alivyojibu siku zote, "Nitalitoa." Neno lilimtoka kinywani kwa mazoea na halikupita kichwani.

Biskuti zilipita. Alifagia mapovu. Mvuke wa tindikali ulimwasha puani, naye akaugeuza uso kuelekea dirishani, sikio mbele. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba alikuwa akingoja sauti aliyoizuia yeye mwenyewe.

Mkono uliacha kufagia. Angeweza kulitoa bamba wakati ule ule. Alijua kazi vya kutosha, na kama angeyatazama mapovu yenyewe angeona yamekuwa makubwa na ya hasira. Lakini kulitoa kulikuwa na maana ya kukubali kwamba mama hatapita. Naye ndani kabisa hakuwa ameamini kwamba mama atatii. Alikuwa ameomba kama mtoto anavyomwambia mama yake niache, huku akijua haachwi. Atapita tu, alijiambia. Atapita kimya kimya mpaka kona, halafu atashindwa kujizuia. Namjua. Akangoja. Aliushika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, akangoja, na mtaa ukapitisha mbwa, gari la farasi, watawa wawili wakibishana, kila kitu isipokuwa kile.

"Mapapaiii! Matikiti ya sukari!"

Ilikuwa sauti ya matunda. Baltazara alilichomoa bamba kwa vidole vitupu.

Don Evaristo aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, mikono ndani ya ndoo ya maji.

"Tamali amelia?"

"Hakulia."

"Na wewe ukangoja?"

"Ndiyo, Don Evaristo."

"Binti, kasisi asipokohoa, misa haiishi?" Hakupandisha sauti. Alilichukua bamba, akalisafisha kwa mafuta, akalitia wino, akaufuta kwa kiganja, na wakalipitisha mtamboni pamoja na karatasi. Alipoinua karatasi alisimama nayo kwenye mwanga kwa muda mrefu.

Mtaa ulitoka mzuri. Kila kilichofunikwa kwa vanishi kilikuwa salama: roshani, tai, kinyozi, hata nywele za masikio ya Askofu. Lakini mistari iliyomfanya Melchora ilikuwa imelana yenyewe kwa yenyewe mpaka ikawa shimo moja, na shimo pana halishiki wino, kiganja huukomba wote. Mwanamke mweusi kuliko kila kitu mtaani alikuwa ametoka mweupe. Hakuwa na macho wala kinywa. Alikuwa na ukingo mweusi tu, na ndani yake hamna kitu, kama yai lililopasuliwa.

"Miaka yote hii," alisema Don Evaristo. "Hata siku ya tetemeko alipita! Siku moja ninayomhitaji, amelala mahali na pombe yake ya chicha."

Baltazara alivitazama vidole vyake vilivyoungua. Mama yake hakuwa mnywaji. Sentensi hiyo ilikuwa fupi, ilikuwa tayari kinywani, na haikutoka.

Lisandro alikuja mchana huo huo. Aliitazama karatasi, akapiga kofi la furaha.

"Loo! Ametakata! Don Evaristo, acha uchoraji, uza hayo maji. Nusu ya mji watakuja kuoga kwako." Alimgeukia Baltazara apate kicheko chake, na Baltazara, Mungu amsamehe, akakipata na kumpa.

"Nitalichora upya bamba zima," alisema Don Evaristo.

"Hakuna muda. Na kwa nini? Mtoe tu. Wateja wanataka mtaa nadhifu, mtaa wa kumpelekea ndugu aliye ng'ambo. Hapo aliposimama weka taa ya gesi."

"Na punda?"

Lisandro aliinamisha kichwa, akafikiri kwa dhati. "Punda mwache. Punda anapendeza."

Mzee aliisugua mikono yake iliyokwisha kuishiwa nguvu. Kisha alisema bila kumtazama Baltazara: "Mimi siwezi tena kukwangua. Utafanya wewe, binti. Ulianza, umalize."

Kumtoa mtu kwenye shaba si kama kumfuta kwenye karatasi. Baltazara alikwangua kwa kisu chenye makali matatu, kwanza shela, halafu mkono uliokuwa shavuni, halafu kilichobaki cha kichwa. Vipande vya shaba vilijikunja mbele ya kisu, vyembamba, vikang'aa, vikaingia chini ya kucha. Alipomaliza palibaki bonde pale mama alipokuwa. Na bonde lazima liinuliwe, la sivyo hushika uchafu na kuonyesha kwamba hapo palikuwa na mtu. Akaligeuza bamba kifudifudi juu ya fuawe, akapatafuta kwa vidole mahali penyewe upande wa nyuma, akachukua nyundo ndogo. Alipiga polepole. Alijiambia anapiga shaba. Lakini mahali alipokuwa akipapiga palikuwa mgongo wa mama yake, na kila pigo alilisikia likipanda mkononi mpaka bega.

Upande wa mbele ukainuka, ukawa sawa. Akaulainisha kwa chuma na mafuta mpaka ukang'aa. Don Evaristo akaja na sindano, akachora taa ya gesi, nyembamba, imara, mahali palipokuwa na sauti.

Picha zilichapwa, zikauzwa, zikasifiwa. Baltazara ndiye aliyefuta wino kwenye kila moja. Kila mara kiganja chake kilipopita juu ya taa hakikuhisi kitu. Kazi ilikuwa nzuri mno. Ila Askofu alibaki vile vile, vikapu vimejaa, shingo imegeuka, masikio yamesimama, anaisikiliza taa.

Siku chache zilipita, na nyingine zikafuata. Mtaani kwetu mambo yalikwenda mrama. Nyumba moja iliweka chungu motoni mapema mno, nyingine ikachelewa. Mume wa jirani aliamka kwa ajili ya kazi na kukuta wenzake wanarudi kula. Alikuja bwana mmoja na tamali za kapu, akilia kama mtu anayeumwa jino, leo asubuhi, kesho alasiri.

"Tangu Mama Tamali atutoroke," Zenobio alilalamika mlangoni pake, "tumbo langu halijui asubuhi wala mchana. Baltazara, wewe ndiye uliyekuwa mteja wake wa kila siku. Mlimtukana nini huko juu?"

"Sisi? Hatukumtukana."

"Basi kapenda. Na umri ule! Askofu amefungisha ndoa."

Mtaa ulicheka, na Baltazara akapanda ngazi. Kila Jumapili alijiambia atavuka daraja akamwambie mama arudi. Jumapili ya kwanza kulikuwa na ukungu mzito. Ya pili Lisandro alimwalika kutembea bustanini. Baada ya hapo hakutafuta tena sababu. Jambo lililomwogofya, alipolitazama usiku kitandani, ni kwamba alikuwa akilala vizuri. Hakushtuka tena mguu wa punda uliposikika kwenye mawe. Alikuwa amezifunga nywele nyuma, paji la uso wazi, na hakuna aliyemwambia limefanana na la nani. Alikuwa na nafasi kifuani, kama chumba kilichotolewa kabati kubwa. Alipenda nafasi ile. Ndipo alipoanza kujiogopa.

Kisha alasiri moja Lisandro alikuja na jasmini na habari njema.

"Mama yangu ameitundika picha sebuleni, juu ya piano. Anaipenda kupita kiasi. Anasema siku utakapokuja kujulishwa kwake, utaikuta kazi ya mikono yako inakusubiri." Akacheka. "Ila anasumbuliwa na yule punda. Kila mgeni akija, mama anamuuliza, 'Hivi huyu mnyama anamtazama nani?'"

"Nawe umemjibu nini?"

"Nimemwambia anaitazama taa. Punda ni mshamba, hajaona gesi. Umekuwaje, Baltazara? Umepauka."

"Hapana," alisema. "Ni tindikali."

Asubuhi iliyofuata alimngoja muuza maziwa mlangoni. Casimira alikuwa mwanamke mnene aliyeketi juu ya punda wake katikati ya madebe kama malkia aliyezungukwa na walinzi.

"Mama Tamali? Yuko kwao, Malambo, kona ya kanisa. Kwani hamjui huku?" Alimimina maziwa bila kutazama chombo. "Lakini halii siku hizi, bibi mdogo. Anasimama tu. Anauza kimya kama mwizi. Mimi nilimuuliza, shoga, umemeza nini? Akasema koo limechoka. Koo lile! Lichoke!"

Baltazara alichukua picha moja kwenye rundo, akaiviringisha, akavuka daraja. Hakujifunika mtandio. Upepo wa mto ulimpiga usoni, na njiani alitunga maneno. Atasema siku zile chache zimekwisha. Atasema picha imeuzwa, watu wa duka hawaji tena, unaweza kurudi, Mama, mtaa mzima unakuulizia. Yalikuwa maneno mazuri na hakuna hata moja lililokuwa la uongo kabisa.

Askofu alikuwa wa kwanza kumwona. Aligeuza shingo, akasimamisha masikio. Melchora alikuwa nyuma yake, akifunua kikapu, na mbele yake walipanga foleni wafua nguo waliokuwa wakienda mtoni, mafurushi vichwani. Alikuwa amepungua mwili, na mikono yake ilifanya kazi haraka bila kinywa kusema lolote. Baltazara alisimama kwenye foleni, kwa sababu hakujua asimame wapi kwingine.

Zamu yake ikafika.

"Mangapi, bibi mdogo?" aliuliza Melchora.

Hapa hapakuwa na kinyozi wala majirani wa Mtaa wa Panya. Hakukuwa na wa kumficha.

"Matatu," alisema Baltazara, kwani ndilo jibu lililokuwa ulimini.

Mama aliyahesabu matatu juu ya jani, akayafunga, akampa. Baltazara alingoja kidogo, lakini la nne dogo halikuja.

"Nimekuletea hii," alisema, akaifungua picha.

Melchora aliifuta mikono kwenye aproni, akaishika pembeni asiitie mafuta, akaisogeza mbali na macho. Kwa mara ya kwanza uso wake ukalainika. "Si Askofu huyu? Tazama masikio! Mheshimiwa, wamekuchora, sasa nani atakuweza kwa majivuno." Wafua nguo wawili walichungulia juu ya bega lake. Kidole chake kilitembea mtaani, kikapita mlango wa Zenobio, roshani, tai, kikarudi kwa punda, kikafuata shingo yake ilipogeukia, kikasimama kwenye taa.

"Na mimi niko wapi?"

"Ulikuwa hapo."

"Nani kanitoa?"

"Tindikali ilizidi, Mama T…" Neno lilimkwama katikati. "Don Evaristo alitaka kuchora upya, lakini watu wa duka walisema hakuna muda. Wakasema iwekwe taa."

"Hao ni wengi. Nimeuliza mkono wa nani."

"Wangu."

Melchora alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa bei aliyokuwa akiijua. Aliiviringisha picha, akaifunga kwa uzi wa majani ya mgomba uleule aliofungia tamali, akamrudishia.

"Hebu tusogee jamani," alisema mmoja wa foleni. "Mashuka ya watu hayajifui!"

"Yangoje," alijibu Melchora, na hiyo ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya mwisho wa mtaa. Foleni ikanyamaza. Kisha akaishusha. "Jumapili ile uliniambia siku chache. Mimi nilikaa nikangoja mtu aje aniambie zimekwisha. Sikukasirika. Nilikuwa naamka, namtandika Askofu, namwambia labda kesho. Sasa nataka kujua kitu kimoja tu, halafu wewe uende zako, tamali zisipoe. Uliposema siku chache, ulimaanisha siku ngapi?"

Maneno yote aliyoyatunga darajani yalikuwa pale, yamepangwa vizuri, nadhifu kama mtaa wenye taa. Angeweza kusema wiki. Angeweza kusema mpaka bamba likamilike. Mama angelikubali lolote, kama alivyokubali mengine, na pengine lile dogo lililojikunja vibaya lingetoka kikapuni. Baltazara alilitazama lile paji la uso mbele yake, pana, limeloa mvuke, lake. Wafua nguo walikuwa wakisikiliza. Askofu alikuwa akisikiliza.

"Nilimaanisha siku zote," alisema, kwa sauti ambayo kona nzima iliisikia. "Siku zote, Mama."